Kuku waliokuwa wakifa saa nane mchana: uchambuzi wa banda moja la eneo la joto

Mama mmoja mfugaji, mwenye kuku wa mayai 240 katika banda moja, alinipigia simu jioni akiwa amezika kuku 19 ndani ya siku 6. Alikuwa ameshachanja kideri (ugonjwa wa virusi wa kuku), ameshatoa dawa ya minyoo, ameshabadilisha chakula, na sasa alikuwa anajiandaa kuwapa kuku wote antibayotiki. Swali lake lilikuwa fupi: "Fundi, nibomoe banda au niuze kuku?"

Nilimwomba asifanye lolote kati ya hayo kwanza. Nilitaka aniandikie saa ambayo kila kuku alikufa, mahali alipoangukia, na hali aliyokuwa nayo kabla ya hapo. Nilipofika kesho yake alinikabidhi karatasi, na karatasi ile ndiyo iliyofungua kisa chote. Kati ya kuku 19, 17 walikufa baina ya saa nane mchana na saa kumi na moja jioni. Wawili waliokutwa asubuhi walikuwa wametweta vibaya tangu jana yake. Hakuna aliyekonda, hakuna aliyeharisha kijani, hakuna aliyepinda shingo. Waliokufa walikuwa wanono na watagaji wazuri, baadhi yao wakiwa na yai tumboni lililokaribia kutoka. Tena wengi waliangukia upande mmoja, ukuta wa magharibi, karibu na masanduku ya kutagia.

Ugonjwa hautazami saa. Kideri huua usiku na mchana, wanono kwa wanyonge, na hakichagui ukuta. Kinachoua mchana peke yake, tena kikianza na wenye miili mikubwa, mara nyingi ni joto. Hata hivyo sikutaka tubahatishe na mifugo ya mtu. Daktari wa mifugo aliwapasua wawili waliokufa siku hiyo. Hakukuta dalili za ugonjwa wa kuambukiza; alichokuta ni nyama ya kifua iliyopauka kama iliyopitishwa kwenye maji yanayochemka, alama inayojulikana ya kuku aliyeuawa na joto. Antibayotiki zikabaki kabatini, nasi tukageukia banda.

Kabla sijaeleza tulichokuta, niseme kidogo kuhusu kuku mwenyewe, kwa sababu banda hujengwa kwa kufuata mwili wa anayelala ndani yake. Kuku hana tezi za jasho. Mwili wake hukaa kwenye nyuzijoto 41 hadi 42 za Selsiasi, joto ambalo kwa binadamu ni homa kali. Hali ya hewa ikiwa nzuri, hulitoa joto kupitia upanga wa kichwani, ndevu, miguu na ile ngozi isiyo na manyoya mengi chini ya mbawa; ndiyo maana ukiona kuku ameachanisha mbawa na ubavu, ujue tayari anatafuta nafuu. Hewa inapozidi nyuzi 30 hivi, njia hiyo huanza kumtupa, naye hufungua mdomo na kutweta ili maji yavukizwe kooni na kwenye njia ya hewa. Kutweta nako ni kazi, na kazi huzaa joto. Zaidi ya hapo, akitweta kwa muda mrefu hutoa hewa ya ukaa kupita kiasi, damu yake hubadilika, na uwezo wa kutengeneza ganda la yai hupungua.

Jambo hili la ganda nimelisisitiza kwa sababu. Mama alikuwa amelalamika kuhusu mayai yenye ganda laini wiki mbili nzima kabla kuku wa kwanza hajafa. Aliambiwa aongeze chokaa kwenye chakula, akaongeza, maganda yakabaki vilevile. Banda lilikuwa limeshatoa taarifa, ila kililaumiwa chakula.

Banda lenyewe lilikuwa na urefu wa mita 10 na upana wa mita 4, limejengwa kwa tofali za saruji, safi, imara, lenye mlango wa chuma. Mtu angelipita barabarani angelisifu. Urefu wake ulielekea kaskazini na kusini, maana yake kuta zake mbili ndefu zilitazama mashariki na magharibi. Ukuta ulipanda kwa tofali hadi mita 1.4 kutoka sakafuni, kisha madirisha ya waya wa kuku yakaanzia hapo hadi karibu na paa. Paa lilikuwa la mabati yaliyoingia kutu na kuwa mekundu meusi, bila dari, bila tundu lolote kwenye mgongo wa paa, na upenu wake ulitokeza kiganja kimoja tu nje ya ukuta.

Niliingia saa nane kasoro. Nikiwa nimesimama katikati, upepo ulinipiga usoni vizuri kabisa, ukiingia dirisha hili na kutokea lile. Mama akasema, "Unaona fundi, hewa ipo." Ni kweli ilikuwapo, kwa aliyesimama. Nikachuchumaa. Nilikuwa nimefunga unyoya mwepesi kwenye uzi wa kushonea, nikaushika kwenye kimo cha dirisha, ukawa unacheza na kuzunguka. Nikaushusha taratibu. Ulipofika kiunoni ukapunguza. Ulipofika chini ya goti, pale ambapo kichwa cha kuku kipo, ukaning'inia umenyooka kama uzi wa timazi. Nilikaa nao dakika tano nzima bila kutikisika. Chini ya mita 1.4 ya tofali palikuwa na dimbwi la hewa iliyokufa, na kuku wote walikuwa wamezama ndani yake.

Nilimwita mama achuchumae kando yangu. Hakusema neno kwa muda. Kisha akasema, "Kumbe madirisha nilijiwekea mimi."

Hilo ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko yote katika mabanda ya maeneo ya joto, na si kosa la uvivu. Watu hupima banda kwa kimo cha mtu. Mlango wa mtu, dirisha la mtu, upepo wa mtu. Kuku anaishi katika sentimita 40 za chini, na upepo usiopita hapo hauna faida kwake hata kama unapeperusha kofia yako.

Baada ya upepo tulipima joto. Nje, kivulini, kipimajoto kilisoma 34. Ndani, kimo cha kuku, 37. Shubiri moja chini ya bati, 47. Lakini namba iliyonishughulisha zaidi ilitoka kwenye kopo la bati nililokuwa nimelipaka masizi nje na kuziba mdomo, kipimajoto kikiwa ndani yake. Kopo jeusi hunyonya mnururisho wa joto, lile joto unalolihisi usoni ukikaa karibu na makaa hata kama hewa ya katikati si ya moto. Nililitundika kimo cha kuku, likasoma 41. Tofauti ya nyuzi 4 kati ya hewa na kopo ilikuwa inatoka juu. Bati lililopigwa na jua la mchana linaweza kufika nyuzi 60 na zaidi, na bati la moto halihitaji upepo ili likuunguze. Linamulika joto moja kwa moja kwenye migongo iliyo chini yake. Kwa kuku, tulikuwa tumewasha jiko darini.

Joto la pili lilitoka kwa kuku wenyewe. Kuku wa mayai wa kilo mbili hivi hutoa joto la kama wati 10 muda wote. Zidisha kwa 240, unapata wati 2,400: ni kama pasi mbili za umeme zinazowaka mchana kutwa ndani ya chumba cha mita 10 kwa 4 ambacho nusu yake ya chini haina upepo. Kuku walikuwa 6 kwa kila mita ya mraba. Mahali penye baridi idadi hiyo inavumilika. Kwenye joto mimi sivuki 5, na ningependa 4.

La tatu lilikuwa sakafuni, na limetokana na ushauri mbaya uliotolewa kwa nia njema. Mtu alimwambia mama amwagie maji kwenye maranda mara tatu kwa siku ili banda lipoe. Nilizamisha mkono kwenye maranda. Chini yalikuwa na unyevu, yanatoa mvuke, na yalikuwa ya moto kuliko kiganja changu. Maranda yaliyochanganyika na kinyesi yakilowa huanza kuoza, na kuoza ni kuzalisha joto. Macho yakaanza kuniwasha kwa amonia. Isitoshe, maji yale yalikuwa yanapanda hewani na kuijaza unyevu, na hapo ndipo kuku alikuwa anaponyimwa njia yake ya mwisho: kutweta husaidia tu pale hewa inapokubali kupokea mvuke. Hewa ikiwa imeshalowa, kuku anatweta bure. Kunyunyiza maji kuna mahali pake, kwenye joto kavu penye upepo unaotembea, na bora zaidi maji yapigwe juu ya paa kuliko ndani. Ndani ya banda lisilopitisha hewa, kunyunyiza ni kuwapika kwa mvuke.

Ya nne ni maji ya kunywa. Tangi jeusi lilikuwa juu ya kichanja upande wa magharibi, na bomba jeusi la mita 12 lilitambaa juu ya ardhi juani hadi bandani. Nilitia vidole kwenye kinyweshio: maji ya kuoga, na siyo ya vuguvugu. Kipimajoto kikasema 43, juu ya joto la mwili wa kuku mwenyewe. Kuku wachache walikuja, wakachovya mdomo, wakatikisa kichwa, wakaondoka. Kuku wa mayai siku ya kawaida hunywa maji ya robo lita hivi, na siku ya joto anaweza kuhitaji mara mbili ya hapo. Hawa walikuwa wanahitaji mara mbili na wanakunywa nusu.

Kwa nini wengi walifia magharibi? Nilirudi nje kutazama kivuli, na hapa ndipo mwelekeo wa banda unapoeleza mambo. Jua la saa sita liko juu sana. Likiwa limeinuka digrii 65 kwa mfano, upenu wa mita 1 hutupa kivuli cha zaidi ya mita 2 ukutani, ukuta mzima unafunikwa. Jua la saa kumi jioni limeshainama. Likiwa digrii 30 juu ya upeo, upenu huohuo wa mita 1 hufunika chini ya sentimita 60. Ndiyo sababu banda la eneo la joto hulazwa kwa urefu kutoka mashariki kwenda magharibi: kuta ndefu zinatazama kaskazini na kusini ambako upenu unaweza kuzilinda, na jua la asubuhi na la jioni linapiga kuta fupi tu za mwisho. Banda hili lilikuwa limeupa ukuta wa mita 10 jua la jioni bila kinga yoyote. Saa nane mpaka kumi na moja, tofali zikawa zinapata moto, na masanduku ya kutagia, ya bati, yakiwa yameegemea ukuta huohuo. Kuku aliyeingia kutaga, tumbo limejaa, alijifungia ndani ya kisanduku cha moto nusu saa nzima. Nilipofungua kimoja nilikuta mtetea amelala kifudifudi, mbawa wazi, mdomo wazi, upanga umekuwa wa zambarau. Tulimtoa, tukamtumbukiza miguu na kifua kwenye beseni la maji ya kawaida kivulini, si ya barafu. Alisimama baada ya robo saa.

Sasa turudi kwenye swali la mama: abomoe au auze? Kugeuza banda haiwezekani. Lakini joto lilikuwa limeingia kwa milango tunayoijua, na kila mlango unaweza kuzibwa kwa mpangilio. Mpangilio ndio muhimu. Wengi hukimbilia feni. Feni ikipuliza hewa ya nyuzi 38 chini ya bati la nyuzi 60 inamwondolea kuku joto kidogo sana, na kadiri hewa inavyokaribia joto la mwili wake ndivyo faida ya upepo inavyopotea. Kwanza unakata joto linaloingia, kisha unafungua njia ya joto lililopo kutoka, mwisho ndipo unafikiria kupoza.

Tukaanza na paa. Mabati yalisuguliwa kutu na kupakwa rangi nyeupe. Chini ya kenchi, zile mbao zinazobeba mabati, tulipigilia mikeka ya matete ikifuata mteremko wa paa, si mlalo kama dari ya nyumba, tukaacha nafasi ya sentimita 15 kati ya mkeka na bati, iliyo wazi chini penye upenu na wazi juu mgongoni. Hewa iliyo katika nafasi ile ikipata moto hupanda yenyewe na kutoka, na kuku haoni tena bati la moto. Ningekuwa na nyasi za kutosha ningeezeka nyasi juu ya bati, ni kinga nzuri sana, ila zinahitaji kuangaliwa panya na moto. Sipendi povu la plastiki mahali ambapo kuku wanaweza kufika. Wanalidonoa na kulimeza.

Kisha tukafungua mgongo wa paa: pengo la sentimita 20 kwa urefu wote wa banda, juu yake kofia ya bati iliyoinuliwa na kutokeza sentimita 30 kila upande ili mvua isiingie, na wavu wa kuzuia ndege wa porini. Dari bila tundu la juu ni mfuniko wa sufuria. Siku kofia ilipokamilika nilishika kipande cha gunia kinachofuka moshi katikati ya banda. Moshi ukapanda wima, ukasita kidogo kwenye kenchi, ukanyonywa nje.

Lililotuchukua muda mrefu ni ukuta, na haikuwa kazi ya nyundo bali ya maneno. Nilitaka tofali zishushwe kutoka mita 1.4 hadi sentimita 40, yaani kozi mbili tu, na juu yake pote pawe wavu. Mama alikataa. "Fundi, wewe unaniambia nivunje ukuta, mimi usiku nalala na nani? Nguchiro waliniua kuku 11 mwaka juzi. Ukuta huu niliujenga kwa uchungu." Alikuwa na haki ya kusema hivyo, na nadhani washauri wengi wa mabanda hushindwa hapa kwa sababu hawamsikilizi mfugaji. Hofu yake ya usiku ilikuwa ya kweli kama joto la mchana. Banda linalopitisha upepo na kupitisha nguchiro halijatatua kitu.

Kwa hiyo tukauliza ukuta ulikuwa unafanya kazi gani hasa. Ulizuia mnyama kuchimba, kupenya na kutafuna. Kazi zote tatu wavu unaziweza, mradi usiwe waya wa kuku wa kawaida. Waya ule wa matundu ya pembe sita umetengenezwa kumzuia kuku asitoke. Hauzuii kitu chenye meno kisiingie, na kicheche hupitisha mkono akamvuta kuku kichwa. Tuliweka wavu wa chuma uliochomelewa, matundu ya milimita 13, kuanzia kwenye tofali hadi kwenye madirisha, ukashikwa na vipande vya mbao vilivyopigwa skrubu badala ya misumari ya kukunja. Nje, kuzunguka banda zima, tulilaza wavu huohuo chini ya udongo ukitoka sentimita 50 mbali na msingi. Mnyama anayechimba huanzia ukutani. Akikuta wavu haendi nyuma nusu mita kuanza upya. Kwa ajili ya mwizi wa miguu miwili, nondo zilipita wima kila sentimita 12. Nondo hazizuii upepo.

Tahadhari moja ya ujenzi: tofali zile zilikuwa zimebeba paa. Hatukugusa hata moja mpaka nguzo ziliposimamishwa kila baada ya mita 2.5 na kushika mbao ya juu. Nimewahi kuona banda lililoshushwa ukuta kwanza, na paa likafuata.

Jioni tofali za mwisho zilipotoka, mama mwenyewe alikwenda kuchukua ule unyoya kwenye uzi, akachuchumaa, akaushika. Ulikuwa unapiga upande.

Upande wa magharibi nilikosea, na kosa lenyewe lina funzo kwa wajenzi wenzangu. Nilishauri tutundike wavu wa kivuli, ile nailoni ya kitalu, kuanzia upenu hadi chini, ukiwa umegusana na banda. Nilifikiria jua tu. Kesho yake saa tisa kopo jeusi lilikuwa limeshuka vizuri, lakini kuku wote walikuwa wamejazana mashariki, midomo wazi. Unyoya ukatuambia: wavu wa kivuli wenye matundu madogo, ukibanwa juu ya wavu wa chuma, ulikuwa umesimamisha upepo ambao tulihangaika wiki nzima kuuingiza. Tuliung'oa jioni ileile. Badala yake tulirefusha upenu wa magharibi hadi mita 1.2, tukaushikiza wavu wa kivuli kwenye ncha ya upenu, mbali na ukuta, ukaning'inia na kuishia sentimita 80 kutoka chini. Upepo unaingia chini yake na kupanda. Jua la kuanzia saa kumi na nusu bado linapenya chini ya wavu huo, na kwa hilo tulipanda mtambao kwenye fito mita 2 kutoka ukutani, na nyuma yake miti ambayo matawi ya chini yatakuwa yakikatwa, maana unataka mwavuli wa majani juu na shina tupu chini. Kichaka kizito kandokando ya banda ni ukuta mwingine. Ardhi tupu nayo, iliyopigwa na jua, huakisi joto na kulituma ndani, kwa hiyo nyasi fupi ziliachwa ziote kuzunguka.

Mengine yalikwenda haraka. Masanduku ya kutagia yalihamia mashariki, yakatengenezwa upya kwa mbao na nyuma yakawa na nafasi za kupitisha hewa. Fito za kulalia zilitandazwa kwa kimo kimoja, sentimita 20 kwa kila kuku, ili usiku wasibanane, kwani usiku ndipo mwili wa kuku hupata nafasi ya kutoa joto lililobaki la mchana. Maranda yaliyooza yalitolewa yote na mapya yakatandazwa sentimita 5 tu, makavu. Kuku 40 wakubwa kwa umri waliuzwa, wakabaki 181 hivi kwa mita 40 za mraba. Bomba lilizikwa sentimita 40 ardhini, tangi likapakwa nyeupe na kuezekwa, na saa sita kila siku maji yaliyolala kwenye bomba humwagwa kwenye miti, mapya yakaingia.

Chakula sitakipita haraka, kwa sababu ni sehemu ya banda kuliko watu wanavyodhani. Kuku anaposaga chakula mwili wake huzalisha joto, na joto hilo hupanda saa kadhaa baada ya kula. Mama alikuwa anajaza vilishio saa tano asubuhi. Joto la tumboni na joto la bati vilikuwa vinakutana saa nane, saa ileile ya kaburi. Sasa kuku hula alfajiri mara kunapokucha. Saa nne vilishio vinainuliwa. Vinarudi saa kumi na moja. Chokaa ya makombe hutolewa jioni, kwani ganda la yai hujengwa zaidi usiku. Hakubadilisha aina ya chakula hata kidogo. Maganda yalianza kukaza kabla mwezi haujaisha.

Joto kali lilirudi. Siku ambayo nje kivulini palikuwa 35, nilikuwa pale na vipimo vyangu vilevile: kimo cha kuku 35, kopo jeusi 36, maji ya kinyweshio 29. Kuku walikuwa wanatweta, nisifiche. Nyuzi 35 ni nyuzi 35, na hakuna banda la wazi linaloweza kuwa na baridi kuliko hewa inayoingia ndani yake. Lakini walikuwa wanatweta wakiwa wamesimama, wametawanyika, wakienda majini na kurudi. Katika wiki tatu za joto lile walikufa wawili, wote siku moja, siku ya mawingu mazito na unyevu mwingi ambapo upepo ulikatika kabisa tangu saa saba.

Siku ile ndiyo iliyobaki mezani. Hewa ikisimama na unyevu ukipanda, banda linalotegemea upepo wa asili halina cha kutoa, na hapo feni ina haki yake: iwekwe chini, kimo cha kuku, ipulize kwa urefu wa banda, iwashwe kabla ya kuku kuanza kutweta. Mama ameshapata feni mbili. Anasubiri fundi umeme avute waya juu ya kenchi, ndani ya mfereji wa plastiki, mbali na panya. Mtambao wa magharibi umefika kifuani; mpaka ufike kwenye upenu, yeye hutoka saa kumi na nusu na kutandaza gunia moja juu ya fito pale jua linapopenya, na saa kumi na mbili analikunja.